Kitambaa Mguuni mwa Kwale

Basi mwaka sitini na sita, pale Darsait, ng'ambo kwa Waarabu, kwale wa porini walikuwa wakizurura vichochoroni kama kuku. Harub, kaja juzijuzi tu kutoka Unguja, akamnasa mmoja akamchinja. Mkewe Rahila anamnyonyoa, lahaula! Mguuni kuna kitambaa. Kwao Unguja kuku mwenye kitambaa ana mwenyewe. Hata mwezi hawajamaliza, wataitwa wezi!

Akambeba ndege mpaka kwa jirani, Bi Hind.

"Bi Hind, nisamehe, tumechinja ndege wako."

"Wangu wapi, mwanangu! Huyu wa jabali. Mguu ulivunjika, nikamfunga."

Rahila akautazama ule mguu. "Kumbe ulikuwa wamuuguza?"

"Nlikuwa. Mlisema Bismillahi?"

"Harub alisema."

"Basi kampike, unipe paja. Lile zima."