Magoti ya Tionge

Asubuhi ya kwanza baada ya Tionge kuondoka, NyaGondwe alikaa ndani ya nyumba yake, mlango umerudishwa, akisubiri kusalimiwa. Jua likapanda. Jirani akatwanga, akamaliza kutwanga, akapepeta. Hakuna aliyekuja. Hapo nje ya kizingiti, mahali ambapo mjukuu wake alikuwa akipiga magoti kila kukicha tangu alipojua kutembea, sakafu ya udongo ilikuwa imebonyea kidogo na kung'aa, kama pahala panapokaa mtungi mmoja miaka yote. Wake za wanawe walipokuja kuisiriba upya baraza, bibi kizee alitoa kichwa nje.

"Hapo pacheni," akasema. "Pana mwenyewe."

Na huko alikokwenda, siku zote hizo, mwenyewe alikuwa akifundishwa kusimama.

Hakuna aliyemwambia hivyo. Walichoambiwa, yeye na wasichana wenzake na wavulana wachache waliokaa nyuma, siku ya kwanza katika ukumbi wa chuo cha uuguzi cha misheni, ni kwamba miezi mitatu ya mwanzo ni ya kupimwa. Atakayeimaliza salama atavikwa kofia nyeupe kanisani, watu wakiona. Atakayeshindwa atafunga sanduku lake wenzake wakiwa darasani, na watakaporudi bwenini watakuta kitanda chake kimetandikwa, shuka limekunjwa kona, kana kwamba hapakuwahi kulala mtu.

Aliyesema hayo ni Madam Msukwa, mkufunzi wao, mwanamke mwembamba wa makamo ambaye viatu vyake havikuwa na sauti. "Mnadhani mmekuja kujifunza kudunga sindano," alisema. "Sindano hata ngedere utamfundisha. Mmekuja kujifunza jambo moja: kila dakika mjue mikono yenu imegusa nini."

Tionge alilishika neno hilo kama lilivyo. Alikata kucha mpaka nyama ikauma. Alijifunza kunawa hadi kwenye viwiko na kusimama na mikono iliyoinuliwa, maji yakichuruzikia chini, asiguse hata pua inayowasha. Alijifunza majina ya mifupa, ambayo usiku yalimtembea kichwani kama mchwa. Alijifunza kukitandika kitanda chenye mtu bila kumwamsha mtu. Walipojifunza kudunga, walipewa kila mmoja chungwa, na Enifa, msichana wa Nsanje, kusini kabisa, aliyelala kitanda cha jirani, alilidunga lake vizuri kabisa, kisha akalimenya na kulila.

"Mgonjwa wako yuko wapi?" Madam akauliza.

"Amefariki, Madam. Lakini hakuteseka."

Darasa zima liliangua kicheko. Madam Msukwa hakucheka. Wiki ile ile kitanda kilichokuwa karibu na dirisha kikakutwa kimetandikwa. Mwenyewe alikuwa msichana mkimya ambaye kila akiona damu alianguka. Hakuna aliyemtaja tena, na Tionge, akila sima yake na usipa, dagaa wa ziwani, kwenye bwalo, alikuwa akihesabu viti bila kutaka.

Walipopelekwa wodini ndipo magoti yake yalipomsaliti.

Alikuwa amesimama kando ya toroli, amevaa glavu safi, akisubiri kumsaidia mwenzake kukifunga kidonda cha mama mmoja. Mzee wa kitanda cha mwisho akapita, anajikokota na mkongojo wake, akasema kama wasemavyo wazee wote, "Mmeamkaje, wanangu?"

Enifa aliitika akiwa wima. Tionge, kabla wazo halijafika kichwani, alikuwa ameshafika chini. Magoti kwenye saruji, viganja vyenye glavu vimepigana mara mbili, kisha kiganja cha kulia kimewekwa sakafuni, kama ipasavyo. "Tumeamka vyema, agogo, sijui ninyi," akasema, kwa neno la kwao la kumwita babu au bibi.

Alipoinua macho aliona viatu visivyo na sauti.

"Tionge. Mikono yako imegusa nini?"

"Sakafu, Madam."

"Na sakafu imeguswa na nini? Sema, wagonjwa wasikie."

Ikabidi aseme. Viatu. Makohozi. Damu. Mkojo. Kila alipotaja kimoja, mama mwenye kidonda aliuvuta mguu wake kidogo.

Mara ya pili haikuchukua muda kuja. Matroni aliingia wodini ghafla, mama mzima mwenye mvi, na Tionge akashuka na trei yake mkononi, vifaa vyote vilivyochemshwa vikapigwa na pindo la aproni yake. Trei nzima ikarudishwa kuchemshwa. Madam Msukwa alimwita koridoni.

"Sikuchukii," akamwambia. "Wilaya hii ya Mzimba ndiyo iliyonizaa, magoti hayo nayajua. Lakini kidonda hakijui ulilelewaje. Mtihani wako wa wodini ni Ijumaa. Utakisafisha kidonda cha mtu kutoka mwanzo hadi mwisho mbele yangu. Ukishuka tena glavu zikiwa mkononi, Jumamosi utafunga sanduku."

"Ndiyo, Madam," akaitika Tionge, na alipokuwa akiitika aliyahisi magoti yanalegea. Madam pia aliyaona.

Kilichomuuma hakikuwa ukali. Wengine walifukuzwa kwa kutojua. Yeye angefukuzwa kwa kujua, kwa kitu kile kimoja alichokuwa amekijua vizuri maisha yake yote. NyaGondwe ndiye aliyemlea baada ya mama yake kuolewa tena mbali, na siku ya kumuaga alimwambia maneno machache tu: "Huko watakufundisha mengi. Lakini siku nitakayosikia umesimama mbele ya mtu mzima kama kisiki cha njiani, kizingiti changu usikikanyage."

Jioni ile bwenini Enifa alijifunika blanketi mabegani, akashika ufagio kama mkongojo, akajikunja mgongo. "Mmeamkaje, mjukuu wangu mzuri?"

Magoti yakaenda.

"Umeshaua mtu," akasema Enifa. "Inuka. Tena. Mmeamkaje, mke wangu mdogo?"

Yakaenda tena, ingawa Tionge alikuwa akicheka.

"We dada, hebu nikwambie. Kwetu Nsanje na sisi tunapiga magoti. Lakini sisi tunapiga kwa akili. Ninyi wa huku mnapiga kwa mifupa. Hii ni ya kutibiwa."

Akamtibu. Walikuwa wamefundishwa juzi kumfunga banzi mtu aliyevunjika, basi Enifa alichukua vibao viwili vya sanduku na vitambaa, akamfunga Tionge miguu yote miwili, nyuma ya magoti, kwa mafundo ya kitabuni. Kisha akajikunja tena na ufagio wake. "Mmeamkaje?"

Tionge alianguka kifudifudi kama gogo. Bweni zima lilicheka mpaka msimamizi akagonga ukuta. Tionge alicheka nao, akiwa pale chini, hajiwezi, vibao vimemshika, na hakujua kicheko kiligeuka kilio saa ngapi. Enifa alifungua mafundo polepole.

"Ni lini unapotakiwa usipige magoti?" akamuuliza kwa sauti ya kawaida.

"Nikishavaa glavu."

"Na kabla hujavaa?"

Tionge aliitazama mikono yake mitupu.

Ijumaa alipewa Mzee Jere, aliyepasuliwa jipu kubwa chini ya goti. Chini, kando ya kitanda chake, juu ya mkeka, alikaa mke wa mwanawe aliyekuja kumuuguza, mwanamke kijana aliyepika nje kwenye kibanda cha wauguzaji, yaani jamaa wanaowatunza wagonjwa wao, na ambaye, kwa heshima ya mkwe, hakuwahi kumtazama usoni. Madam Msukwa alisimama dirishani, mikono nyuma.

Tionge hakwenda bombani. Alikwenda kwanza kitandani, mikono mitupu, akapiga magoti sawasawa, viganja vikapigana.

"Mmeamkaje, agogo?"

"Tumeamka, sijui ninyi."

"Na sisi tumeamka. Agogo, nimekuja kuwasafisha mguu. Nikishanawa, mpaka nitakapofunga bandeji, mikono hii si yangu tena. Hata magoti si yangu. Nitasimama mbele yenu. Naomba ruhusa sasa, nikiwa bado chini."

Mzee alitafuna kitu ambacho hakikuwamo mdomoni. "Mtoto wa nani wewe?"

"Wa akina Chirambo. Nimelelewa na NyaGondwe."

"NyaGondwe yule mkali?"

"Huyo huyo."

"Ee, maskini." Akamtazama vizuri. "Haya, simama. Ukiniumiza nitakurudisha chini mwenyewe."

Tionge alinawa. Alipanga trei. Alivaa glavu bila kugusa upande wa nje, akaishika koleo, akaiondoa shashi ya zamani. Kidonda kilikuwa kirefu, chekundu, kimenyamaza kama mtu anayesikiliza. Akaanza kukipangusa kwa maji ya chumvi, kutoka ndani kwenda nje, kila pamba mara moja tu, kisha ndooni. Nyuma yake hakusikia kitu. Ndiyo hali ya Madam Msukwa: hujui kama yupo mpaka umekosea.

Kisha akaisikia sauti aliyoizoea tangu utotoni. Sauti ya magoti mengi yakigusa sakafu kwa pamoja.

Wauguzaji wote wa wodi walikuwa wameshuka. Mlangoni aliingia mfumu, mkuu wa kijiji cha kwao Tionge, kofia mkononi, amekuja kumwona Jere ambaye alikuwa shemeji yake. Alitembea taratibu katikati ya vitanda akipokea salamu kutoka chini, akasimama miguuni mwa kitanda.

"Mmeamkaje hapa?"

Mke wa mwanawe Jere aliitikia kutoka mkekani, uso chini. Magoti ya Tionge yalikuwa yameshaanza safari yao. Aliyahisi yakikunjika kama ya mtu mwingine, akayazuia, yakatetemeka.

"Naona hapa pameota mti," akasema mfumu. "Huu ni mti wa shamba la nani?"

Mkono ukamshika Tionge pindo la aproni kutoka chini na kulivuta.

"Shuka, dada," mwanamke wa mkekani akanong'ona. "Ni mfumu. Shuka, utatuponza."

Hakuweza kuusukuma mkono ule. Mikono yake haikuwa yake. Alimtupia Mzee Jere jicho, mzee aliyempa ruhusa, lakini mzee alikuwa amekaza macho kwenye dari, meno yameumana, maana pamba ilikuwa ndani kabisa ya kidonda. Au labda hakutaka kugombana na shemeji yake kwa sababu ya msichana. Hilo Tionge hakulijua siku ile, na hata baadaye hakuuliza.

"Mmeamkaje, mfumu," akasema, macho kwenye kidonda. "Mimi ni wa NyaGondwe. Nawasalimu kwa mdomo. Mguu wa shemeji yenu uko wazi."

Pindo liliachiwa. Tionge alichukua pamba nyingine, akapangusa, akatupa.

"NyaGondwe atasikia," akasema mfumu, si kwa hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Akamwambia Jere pole, akageuka.

Tionge alimaliza ukingo wa chini. Akakausha. Akaweka shashi mpya, akazungusha bandeji, akafunga fundo upande usioumiza. Akavua glavu akizigeuza ndani nje, akazitupa. Ndipo alipogeuka na kushuka chini, viganja vikapigana mara mbili, kuelekea mlangoni. Mfumu alikuwa ameshakwenda zake. Mlango ulikuwa wazi, na nje mtu alikuwa akianua shuka.

"Nenda kanawe," akasema Madam Msukwa.

Tionge alisubiri zaidi ya hapo.

"Kanawe, nimesema. Kisha upeleke vipimo vyako kwa fundi, akushonee kofia. Kichwa chako ni kidogo."

Alivikwa kofia wiki chache kabla ya Krismasi. Enifa aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari alimnong'oneza kwamba amefanana na jogoo. Kutoka nyumbani hakuja mtu. Aliwatafuta kwenye mabenchi ya kanisa mpaka wimbo wa mwisho, ingawa aliijua sababu.

Alifika kijijini alfajiri, na lori la mahindi. Hakuingia kwa mjomba wala kwa shangazi. Alitua mzigo wake, akaenda kwenye kizingiti kile, akapaona pale pake pamebonyea vile vile, hapakusiribwa, akapiga magoti.

"Mmeamkaje, agogo?"

Ndani alisikia kigoda kikilia, na pumzi.

"Mmeamkaje, agogo?"

Kuku akapita. Mke wa mjomba alitokeza jikoni, akaona, akarudi ndani. Magoti yalianza kumuuma. Yalikuwa yamelainika, yamezoea vitanda na toroli. Hakuyainua. Alikaa pale mpaka jua likagusa mgongo wake, na hofu aliyokuwa nayo wodini ilikuwa ndogo kuliko hii.

"Kidonda cha Jere," sauti ikasema kutoka ndani, "kiliishia wapi?"

"Kilifunga, agogo."

"Umeambiwa au umeona?"

"Nimeona. Nilikitazama kila siku. Alitoka kwa miguu yake."

"Bila mkongojo?"

"Na mkongojo. Lakini wa kuringia."

Ndani kukasikika kitu kama mtu anayesafisha koo. Kisha mlango ukavutwa.

"Tumeamka," akasema NyaGondwe. "Sijui ninyi."

Tionge Chirambo leo ni muuguzi katika wodi ya upasuaji ya hospitali ya wilaya, zamu ya asubuhi.