Nyaya Nne za Gari la Kaka Yangu

Kosa langu la kwanza lilichukua chini ya dakika moja. Jumatano jioni lori la maji lilitaka kupita kwenye kichochoro chetu pale Wabera, mjini Isiolo. Niliingia ndani ya gari la kaka yangu, nikaliwasha likiwa baridi, nikalirudisha nyuma hatua chache, nikalizima.

Kaka yangu aliniachia gari hilo alipokwenda kufanya kazi Uarabuni, na alinionya jambo moja tu: nisilizime kabla injini haijapata moto. Ni gari la Kijapani lenye injini ya rotari. Haina pistoni kama nyingine. Ndani yake kuna vyuma viwili vya pembe tatu vinavyozunguka. Ukiizima ikiwa baridi, petroli hubaki humo ndani, plagi zinazotoa cheche zinalowa, na ukirudi haiwaki. Nilijua hayo yote. Lakini dereva wa lori alikuwa anapiga honi, nikasahau.

Alhamisi nilitakiwa kumpeleka baba Meru. Figo zake zilikuwa zimekufa, na mara mbili kwa wiki alisafishwa damu kwa mashine katika hospitali moja huko, kwa kuwa nafasi za karibu zilikuwa zimejaa. Jumatatu hatukwenda, alikuwa na homa. Kufikia Alhamisi miguu yake ilikuwa imevimba hata ndala haziingii, na alikuwa amelala usiku kucha akiwa ameketi, maana akijinyoosha pumzi zinamkatika. Zamu yake ilikuwa saa tano. Ukichelewa, anawekwa mtu mwingine.

Saa moja nilizungusha ufunguo. Injini ilizunguka, haikushika. Nilijaribu tena na tena mpaka harufu ya petroli ikajaa kichochoroni na betri ikaanza kulegea. Nilimpigia mwenye taksi tuliyemzoea. Alikuwa ameshafika Nanyuki na abiria. Matatu sikuifikiria, baba hangeweza kukaa amebanwa. Nikakimbia kwa fundi jirani yetu, Mturkana wa makamo anayetengeneza malori.

Alikuja na betri nyingine mkononi, akaifunga mahali pa yetu. Aliinusa injini, akasema imekunywa petroli. Alichomoa fyuzi ya pampu ili petroli isiendelee kuingia, akang'oa gurudumu moja la mbele na kulala chini, akatoa plagi zote nne. Zilikuwa zimelowa kabisa. Aliniambia nikanyage mafuta hadi chini na kuzungusha injini, na petroli ikaruka nje kupitia matundu ya plagi kama mtu anayetema. Kisha akamimina oili kidogo kwenye kila tundu, akakausha plagi kwa moto wa jiko letu, akazirudisha. Zilibaki nyaya zake nne tu, mbili za plagi za juu na mbili za chini. Hapo simu yake ikalia. Lori la mteja wake lilikuwa limekwama katikati ya barabara.

"Ningoje," aliniambia. "Hizo nyaya nitafunga mwenyewe."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Baba alikuwa ameketi mlangoni, mdomo wazi, akivuta hewa kwa mabega. Sikungoja. Nilizifunga nyaya mwenyewe, nikarudisha fyuzi na gurudumu, nikawasha. Injini ilishika. Moshi ulifunika nyumba tatu, na mke wangu akalia kwa furaha. Tulimbeba baba tukamweka kiti cha mbele.

Gari lilikuwa linatetemeka, lakini nilijiambia ni petroli iliyobaki, itaisha njiani. Kwenye tambarare lilienda. Tulipoanza kupanda mlima, nilikanyaga mafuta na hakuna kilichobadilika isipokuwa sauti. Nikashuka gia ya tatu, ya pili, ya kwanza. Malori yaliyobeba saruji yalitupita. Kabla ya kufika njia panda ya Subuiga, gari lilisimama lenyewe.

Nilifungua boneti. Niliangalia chujio cha hewa, kilikuwa safi. Niliangalia fyuzi, ilikuwa mahali pake. Petroli ilikuwepo. Nilimpigia fundi mara tano, hakushika. Bila shaka alikuwa chini ya lori lake. Niliwasha tena, likasogea kama mita mia mbili, likafa. Nikawasha tena, likafa. Nilikuwa nikiliomba lile gari kwa sauti, kisha nikawa nalitukana, kisha nikawa namwomba Mungu, na sidhani nilijua lipi ni lipi.

Baba alikuwa akiniangalia muda wote. Alichunga ngamia Kulamawe miaka arobaini, na hakuwa mtu wa kuongea ovyo.

"Hii gari imechoka," alisema polepole. "Iache. Simamisha watu."

Nilisimama katikati ya lami na kuinua mikono. Magari manne yalinikwepa. La tano lilikuwa pikapu ya mkulima wa viazi aliyekuwa akirudi kutoka soko la Isiolo. Alimtazama baba mara moja tu, akashuka kunisaidia kumbeba. Yeye alikuwa anakwenda Timau. Alituambia atapinda atufikishe Meru, na hakutaka tuzungumze zaidi.

Tulifika saa sita na nusu. Mashine ya baba ilikuwa na mtu. Muuguzi alituonyesha benchi, akasema nafasi inayofuata ni ya mama aliyeketi pale pembeni akiwa amejifunga leso. Nilibaki nimemshika baba kifuani ili asianguke mbele.

Yule mama alimwita muuguzi. "Mtangulize huyu mzee," alisema. "Mimi bado napumua vizuri."

Aliingia yeye jioni, wakati sisi tunatoka. Jina lake sikuwahi kulijua.

Jumamosi fundi alinisindikiza mpaka gari lilipokuwa. Alilala chini muda mfupi, akaniita niinamishe kichwa. "Za juu umeweka chini, za chini umeweka juu." Cheche zilikuwa zinapiga, lakini kila moja kwa wakati usio wake, ndiyo maana injini iliwaka bila kuwa na nguvu. Alizibadilisha, na gari likapanda ule mlima kama halijawahi kuugua. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Usiku huo nilimweleza baba. Nilimwambia kosa halikuwa la gari, lilikuwa langu, mara mbili, na kwamba nusura nimuue kwa haraka yangu. Alikuwa akikanda goti lake.

"Sasa inapanda?" aliuliza.

Nikamwambia inapanda.

"Basi Jumatatu tutoke mapema."