Nilidanganya Nimekula, Mtabibu wa Sindano Akasimamishwa Kazi

Admin, nifichie jina, maana wanangu wanapita humu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, nauza kanga Kariakoo. Mume wangu alifariki miezi saba iliyopita. Asubuhi alikuwa akiichana chapati katikati, upande wenye madoa ya kuungua ananipa mimi, anajua ndio niupendao. Tangu aondoke, chai ya asubuhi hainishuki. Mwanangu wa kwanza hunipitishia chapati mbili kila siku akielekea kazini bandarini. Namshukuru, akigeuka tu, zote nampa jirani yangu wa kizimba. Hajui.

Bega likaanza kuniuma hadi nikashindwa kuinua robota la kanga. Mwanangu akanipeleka kliniki moja ya tiba ya sindano, ile ya Kichina, upande wa Mnazi Mmoja. Kwa ambao hamjawahi: sindano zenyewe niliziogopa bure. Ni nyembamba kama unywele, zinafunguliwa kwenye pakiti mpya mbele yako, unasikia kama sisimizi kakuuma, halafu uzito fulani. Ila kwanza unaulizwa maswali, na hapo ndipo nilipoharibu.

Mtabibu alikuwa binti mdogo tu. "Shikamoo mama. Kuna dawa yoyote unatumia? Umekula?"

"Marahaba. Nimeshiba, mwanangu." Ndivyo tulivyolelewa, ukiulizwa umekula, unasema umeshiba hata kama tumbo linalia.

"Kweli mama? Ukiwa na njaa utaanguka hapa."

Mwanangu akadakia akicheka, "Chapati mbili nimempelekea mwenyewe! Huyu mama halali njaa." Ningemkatalia vipi mbele ya mgeni? Nikatikisa kichwa kukubali.

Sindano ya tano, giza likaniingia machoni. Nazinduka, zimeshatolewa, miguu yangu imeinuliwa juu ya mito, binti kanishika mkono. Mwanangu anafoka, "Baba nimemzika juzi, na mama mnataka kuniulia?"

Mwenye kliniki akaja mbio. Binti akainama karibu yangu, akauliza kwa upole, "Mama, kweli ulikula?"

Mwanangu alikuwa ananitazama. Nikasema, "Nilikula."

Binti akaanza kuokota vifaa vyake.

Wiki iliyofuata nilirudi kuchukua mtandio niliousahau. Mlinzi akaniambia yule binti kaambiwa akae nyumbani, kamchoma mgonjwa vibaya. Nikauchukua mtandio, nikaondoka.

Nikisema ukweli, binti atarudi kazini. Lakini mwanangu atajua kila asubuhi namchekea huku chakula chake kinaliwa na mwingine. Na leo asubuhi kaniletea chapati mbili, moja ina madoa ya kuungua. "Nimeichagua, mama. Baba si ndiyo alikuwa anakupa?"

Nimeishika mpaka imepoa. Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, ila mniambie: nianzie kliniki, au nianze na mwanangu? Na nitasema vipi?