Majina Juu ya Sauti ya Mama

Kaka yangu mkubwa alikuwa na tabia ya kukupa zawadi kwanza, halafu baadaye ndipo unajua alitaka nini. Nimesema mapema ili mtu asidhani nitamtetea. Kile kinanda alikileta toka Bujumbura kimeviringishwa ndani ya blanketi: kidogo, cheusi, chenye vifungo vya rumba, disko na bossa nova, na ngoma yake ndani. Akakiweka juu ya meza ya kulia, nyumbani kwetu mtaa wa Nguba, mbele ya jirani waliokuwa wamekuja kuona tu.

"Petite, mudogo yangu, hii ni yako," alisema. "We njo uko na akili ya mambo hii."

Nilikuwa daktilo, mpiga taipu kwenye ofisi moja mjini, vidole vilikuwa vyepesi. Nilifurahi kama mjinga. Mama, ambaye alizaliwa kijijini Mudaka na hakuwahi kuogopa kitu cha mjini, alibonyeza kifungo cha rumba mwenyewe, akasikiliza, akasubiri kiishe. Hakikuisha.

"Huyu mwenye kupiga ngoma mule ndani, hachokake?" aliuliza.

Tulicheka sana. Lakini alikuwa ameona jambo ambalo lilinitesa baadaye: ile ngoma haikuwa na pumzi.

Siku moja ya Jumamosi mama alikuwa jikoni, kwenye kibanda cha nyuma, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mama akitwanga lazima aimbe, nyimbo za kulima za Kimashi, lugha ya kwao, na mchi ndio unaoshika mwendo. Nikachukua redio-kaseti yetu, nikaiweka juu ya gunia la maharagwe, nikabonyeza vifungo viwili vya kurekodi pamoja. Nilitaka kujaribu tu kama kinanda kingeweza kumfuata. Aliimba, akatwanga, akaimba tena, halafu katikati akakatisha wimbo kunigombeza: "Na we umesimama pale sawa muti, na moto inazima!" Kisha akaendelea pale pale alipoachia, bila kupoteza hata kipigo kimoja. Sehemu hiyo niliipenda kuliko wimbo wote.

Mvua za mwaka ule hazikuisha tukiwa naye. Aliumwa kidogo tu, akaondoka. Sitaeleza zaidi, kila nyumba inajua habari hizo.

Nyumba yenye kilio haipigi muziki. Redio ilifunikwa kitambaa, na hata jirani walishusha zao kwa heshima. Kwa hiyo nilipoanza kuwaza kutengeneza wimbo kwa ile sauti yake, ili upigwe siku ya kumaliza matanga, ilibidi niombe ruhusa kwa papa. Papa alikuwa karani wa zamani, mtu wa maneno machache na shati lililopigwa pasi.

"Fanya," alisema. "Lakini miye sitasikia mbele ya siku. Nitamusikia siku ile, pamoja na batu."

Akashika neno lake. Kila nilipojifungia chumbani na mashine zangu, papa alichukua kofia akaenda kukaa kwa jirani mpaka nimalize. Mtu aliyeishi na mke wake ujana wote na uzee, sauti yake iko nyuma ya mlango, na yeye anavaa kofia anatoka. Ningejua jinsi mambo yatakavyokwenda ningemshika mkono nimrudishe ndani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Niliazima redio-kaseti ya pili kwa shangazi. Ya kwanza inapiga sauti ya mama, mimi napiga kinanda, ya pili inashika vyote viwili kwa maikro yake ya kunasia sauti. Kisha nahamisha: ile ya pili inapiga, mimi naongeza sauti nyingine ya kinanda, ya kwanza inashika kwenye kaseti mpya. Hivyo hivyo, safu juu ya safu. Godoro nililisimamisha dirishani, blanketi mlangoni, kuku nikawafukuza uani. Umeme haukufaa, maana jirani wakiwasha majiko yao nguvu ilishuka, kaseti ikazunguka polepole, na mama akaimba kama mwanaume. Nikatumia mawe ya redio, yaani betri, yakichoka nayaanika juani kwenye bati, yanapata nguvu kidogo tena.

Na ile ngoma isiyochoka! Mama alipoimba alikwenda mbio kidogo akifurahi, akipumzisha mkono alichelewa. Ngoma ya kinanda haikumsubiri. Nilijaribu kuzungusha kile kifungo cha mwendo huku anaimba, nimfuate kama mtu anayemfuata mzazi sokoni, na mara nyingi nilimpoteza. Mwisho nikaona ujinga wangu. Nikaizima ngoma. Nikaacha mchi wa mama ndio uwe ngoma, na kinanda nikakiweka chini yake, taratibu. Na pale anaponigombeza juu ya moto, nikanyamazisha kila kitu. Pale alibaki peke yake na jiko lake.

Ilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila haya, sijafanya kitu kizuri kama kile tena.

Muda mfupi baadaye redio-kaseti ya shangazi iliitafuna ile kaseti ya kwanza, yenye sauti ya mama bila kinanda. Utepe ulitoka umekunjamana kama matumbo ya kuku, haukufaa tena. Zile za katikati nilikuwa nimeshazirekodia juu, ikabaki moja tu, yenye wimbo. Nikavunja vile vijimeno viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, maana vikivunjwa mashine inakataa kurekodi juu yake. Nikaandika juu kwa mkono wangu: Mama.

Kaka alikuja kusikiliza. Alilia, nilimwona. Kisha akasema kuna upepo mwingi kwenye kaseti. Ni kweli, kila ukihamisha toka mashine hadi mashine unaongeza sauti ya mchanga unaomwagika. "Iko fundi moja kule mu ville, iko na mashine ya sawa sawa," alisema. "Nipe, aondoshe ile upepo. Mama asikike muzuri." Nikampa aipeleke mjini. Ungekuwa wewe usingempa? Mtoto wa mama yangu, na kinanda ni yeye aliyenipa.

Hakuirudisha mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Alifika juu ya lori la mfanyabiashara mmoja mkubwa, ambaye magari yake yalikuwa yakishuka hadi miji ya Sange na Uvira kila wiki. Lori lilijaa jamaa zetu wa Mudaka, makreti ya bia na mbuzi. Mwenyewe alikuja nyuma kwa gari lake, amevaa abakosti ya kijivu, ile suti isiyo na tai, akapewa kiti cha mbele, karibu na papa. Wote tulimshukuru. Mimi mwenyewe nilimpelekea kinywaji nimepiga goti kidogo. Sikupata nafasi ya kusikiliza kaseti, nilikuwa na masufuria.

Baada ya sala, msimamizi alisimama. "Citoyens, citoyennes, sasa tutasikia kitu ya maman." Papa akavua kofia. Kaseti ikaanza.

Kinanda kilikuwa changu, kizuri, upepo umepungua kweli. Halafu, pale pa kwanza ambapo mama alitakiwa kuingia, mwanaume akapiga kelele jina la yule mfanyabiashara. Jina lake, jina la mke wake, majina ya malori yake, barabara ya Uvira yote ni yake. Kwetu tunasema kutupa libanga: mwimbaji anatupa jina la tajiri katikati ya wimbo, na tajiri anafurahi. Na majina hutupwa wapi? Pale ambapo vyombo vimepungua, ili yasikike. Nilikuwa nimepunguza vyombo kila mahali ambapo mama anaimba. Nilimwandalia yule mtu nafasi kwa mkono wangu mwenyewe. Mama alikuwa chini kabisa, ameshushwa, mchi tu ulisikika, tok, tok. Alipofika kunigombeza juu ya moto, fundi alikuwa ameweka cheko refu na jina la kaka yangu, "kijana wa kazi, mtu wa Uvira."

Wageni walishangilia. Mfanyabiashara alisimama, akainua mkono, akaketi.

Wimbo ulipoisha nilichomoa kaseti. Nikamkuta kaka nyuma ya jiko.

"Juu ya nini umefanya vile?"

"Fundi njo alikosea," alisema. "Alichanganya makaseti."

Nikamgeuzia mgongo wa kaseti. Maandishi yalikuwa yangu, Mama. Lakini vile vitundu viwili nilivyovunja vilikuwa vimezibwa kwa karatasi iliyotafunwa na kupakwa gundi. Huwezi kukosea kwa namna hiyo. Mtu aliketi, akatafuna karatasi, akaziba, akarekodi majina juu ya ile ile niliyoifunga, kusudi siku hiyo nisiwe na nyingine ya kuweka.

"Ni mate ya nani haya?" nilimuuliza.

Akatazama chini. Kisha akakasirika, kama wanavyofanya. "Bale batu ya Mudaka, nani amebaleta? Mbuzi, nani? Ule patron amenipa kazi ya Uvira, nitakaa pale na malori yake, nitasaidia papa. Na mama iko pale ndani! Si mchi unasikika? Utafanya ingine, kinanda uko nacho."

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimezoea kuusikia msemo huo bila kuwashwa. Nilimchukia pale nyuma ya jiko, nimechoka, mikono inanuka vitunguu. Nilimchukia kwa jambo moja hasa: kwamba alilia kweli siku ile aliposikiliza. Angekuwa hakusikia kitu ningemwita mpumbavu yakaisha. Alisikia, akajua ni nini, akakibadilisha na kazi.

Tulirudi mbele pamoja, maana watu walianza kutuangalia. Papa alikuwa bado ameshika kofia mapajani, hajagusa chakula. Shangazi mmoja alitaka kuanzisha wimbo wa kanisa, papa akamzuia kwa kiganja, kwa upole. Aliniona nina kaseti mkononi, akasogeza kiti chake karibu na redio.

"Mutoto yangu," alisema, "ile ya patron imeisha? Muzuri, tumemupa heshima yake. Sasa weka ya mama yako."

Mfanyabiashara alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Nilimgeukia kaka, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na amesikia kila neno. Nikamtia kaseti mkononi mbele ya wageni wote.

"Umuwekee papa," nilisema.