Namba za Chini ya Hundi ya Bibi

Kaibiwa kweupe, nyie, tena na mtu wa ndani!

Namsema bibi yangu, Bibi Arlys, hapa hapa Fergus Falls, Minnesota.

Bibi ni mtu wa hundi za karatasi. Kila kitu hundi. Hata supamaketi anaandika hundi taratiibu, foleni nyuma inapumua kama ng'ombe, yeye wala hana habari.

Sasa wiki hii watu wa gesi ya kupasha nyumba joto wakamrudishia hundi yake. Akaunti haina pesa ya kutosha.

Januari hii. Barafu mpaka dirishani.

Bibi alikaa mezani kajifunika shali, anaona aibu utadhani kaiba yeye.

"Tangu niolewe sijawahi kurudishiwa hundi," akasema.

Leo Jumamosi asubuhi Shangazi Corinne akaitisha kikao. Yeye, Mjomba Dale, Bibi na mimi. Barua ya benki ilisema tu kuna mtu kachota pesa mtandaoni kwa namba za hundi za Bibi.

"Kwani nani anaingia humu?" Shangazi akauliza.

Sasa mimi na mdomo wangu. Nina digrii ya biashara, lazima nionekane nina akili.

"Shangazi, tusizunguke. Nani mwingine anashika mkoba wa Bibi?"

Wote tukageukia jikoni.

Huko alikuwepo Yesenia, dada anayemhudumia Bibi. Anamuogesha, anampa dawa, anampikia. Alisikia kila neno.

"Maren," Bibi akaniambia, "chunga mdomo."

"Bibi, una roho nzuri mno. Watu wa hivi ndio wanaokupiga."

Nilisema hivyo. Kwa sauti.

Shangazi akamwambia Yesenia aende kwake kwanza, "mpaka tuelewe." Yesenia akavaa koti, akanitazama mimi tu.

"Viazi viko kwenye oveni," akasema. "Mvitoe vikianza kushika rangi. Na mama asipewe vya moto, ana kidonda ulimini."

Akaondoka.

Shangazi akapiga simu benki, akaweka sauti kubwa tusikie wote. Mdada wa benki akatafuta weee, akarudi.

"Ni malipo ya hundi ya kielektroniki, mama. Dola mia moja themanini na tisa. Yameenda duka la viatu vya magurudumu."

Mjomba Dale akacheka. "Yesenia na lile goti lake? Anateleza wapi huyo?"

Mimi masikio yakaanza kuwaka.

Nyie. Hivyo viatu ninavyo mimi.

Niliviagiza mtandaoni. Kadi yangu iligoma, duka likasema naweza kulipa kwa hundi ya kielektroniki, nijaze tu namba zilizo chini ya hundi yangu.

Mimi sijawahi kuandika hundi maishani. Kizazi chetu nani anaandika? Ila moja nilikuwa nayo, imebandikwa kwenye friji. Bibi alinipa siku yangu ya kuzaliwa. Ina jina langu kabisa, kwa mwandiko wake.

Nikajua ndiyo hundi yangu.

Kumbe zile namba za chini ni za akaunti ya anayetoa, si ya anayepewa. Kila mzee wa hapa analijua hilo. Msomi mimi nikazijaza moja moja, nikabonyeza lipa. Salio langu halikupungua hata senti, nikasema duka limenisahau. Nikacheza na muziki.

Pale mezani ningeweza kujikausha. Siwadanganyi, niliwaza hivyo. Yesenia alishaondoka, kesi ilishapata mwenyewe.

Bibi akanigeukia. Bibi ananifuata mtandaoni, aliiona video yangu nimeanguka chali kwenye ukumbi wa kuteleza.

"Maren," akauliza polepole, "vya rangi gani?"

"Zambarau, Bibi."

Hakuna aliyecheka. Jikoni viazi vilianza kunuka moshi, hakuna aliyeinuka.

"Mtoto wewe," Shangazi akasema. Akachukua simu ampigie Yesenia.

Bibi akamshika mkono. "Acha. Aliyemsema ndiye ataenda. Na asiende na simu."

"Bibi, pesa nitarudisha yote..."

"Pesa sijakuuliza."

Nililia chooni mpaka pua ikaziba.

Ndugu zangu, kabla hujajaza namba, jua ni za nani. Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, tena mtu anayemuogesha bibi yako, kajikague wewe kwanza. Mimi pesa nitalipa mwezi mmoja yataisha. Yale macho ya Yesenia pale mlangoni sijui nitayalipaje.

Anwani yake ninayo. Kesho asubuhi nagonga kabla hajaenda kanisani. Akinifungulia, nitakuja hapa niwaambie alichosema.

Asipofungua, hilo nalo nitawaambia.