Nilidhani tunafukuzwa kanisani

Leo nilidhani tunafukuzwa kanisani, mimi na Mwangi wangu wa miaka miwili.

Sisi hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ndio akianza fujo nitoke naye haraka.

Leo alianza hata kabla ya mahubiri. Mara apige kiti teke, mara aitishe chapati. Kwa sauti!

Nikaona shosho, yule bibi mzee anayesimamia mlango, akija. Nikabeba mkoba. Moyoni nilishaamua sirudi tena mpaka Mwangi akuwe mkubwa.

"Unaenda wapi, mami?"

"Natoka, shosho. Anasumbua watu."

"Na huku nyuma anaona nini? Migongo tu! Hata mimi ningepiga kelele."

Akambeba, akatupeleka hadi kiti cha kwanza, mbele ya ngoma za kwaya. Watu wote macho kwetu. Aibu!

Mwangi akaona ngoma. Kimya. Mdomo wazi.

Mahubiri yote alikaa kwa mapaja ya shosho, ametulia.

Maombi yakaisha, kanisa likasema amina. Mwangi akasema yake mwisho, peke yake. Pasta akacheka: "Hiyo ndiyo imefika juu."

Shosho, Mungu akuweke sana.

Wamama wa kanisa letu hapa Kiandutu mnaokaa karibu na mlango, semeni niwajue. Jumapili nitawashikia nafasi mbele.