Kasha Lililong'aa Mno

Nilishuka kutoka Mapera kuja kukaa na mjomba wangu, kaka yake mama, anayetengeneza redio na spika hapa Lituhi. Kwetu ni mlimani, kwenye kahawa na mahindi. Ziwa nilikuwa nalijua kwa dagaa wa usipa waliokaushwa tu, wanaopandishwa kwetu kwa magunia.

Mwaka ule kasha la amplifaya ya kanisa lilikuwa limeliwa na kutu, maana hewa ya ziwa haina huruma na chuma. Mjomba akatengeneza jingine la chuma cha pua, akaling'arisha mpaka ukiinama unaweza kujinyoa ndevu. Likawekwa mbele, juu ya meza ndogo iliyosogezwa ukutani, nami nikapewa kazi ya kukaa pale wakati wa mazoezi ya kwaya, kupandisha na kushusha sauti. Kazi hiyo niliipenda kwa sababu haina maneno.

Kwaya ilikaa nyuma yangu. Sikuhitaji kugeuka. Ndani ya kasha niliwaona wote, wadogo kama picha za vitambulisho, na kati yao binti mmoja wa sauti ya pili aliyekuwa akifunga kitambaa cha njano kichwani. Kabla ya wimbo kuanza alilamba midomo. Akikosea, alimpiga jirani yake kiwiko kana kwamba jirani ndiye aliyekosea. Tukikutana njiani nilimwambia, "Habari za leo, dada," huku nikitazama ndala zangu, na salamu ikaishia hapo. Kwenye kasha nilimtazama wimbo mzima.

Lakini madirisha ya kanisa yanaelekea ziwani, na mazoezi ni jioni, jua likiwa limeshuka karibu na maji. Mwanga ulipiga kwenye kasha ukawarudia waimbaji usoni. Siku moja mwalimu wa kwaya alisimamisha wimbo katikati.

"Fundi, kasha lako linatuunguza macho. Sauti ya pili wote wamefumba kama wanaombewa."

Watu wakacheka. Yule binti akadakia, "Mwalimu, mwambie alifunike na gunia la kahawa. Si kwao yamejaa?"

Wakacheka tena. Nami nilicheka, nikiwa nimewapa mgongo.

Mjomba alikataa habari ya gunia. Alisema mtambo ukikosa hewa utaungua. "Dawa yake ni kuua mng'ao," aliniambia, akanipa msasa. "Lisugue lifubae." Niliitikia kwa kichwa. Ningemwambia nini? Kwamba nikilisugua sitamwona mtu?

Nilitoa mtambo wote ndani ili vumbi la chuma lisiuingie, nikafungua vitufe, nikalilaza kasha juu ya gunia uani. Nikaanza. Nilisugua kwenda, kisha nikasugua kukatisha, kwenda na kukatisha, kwa sababu hivyo ndivyo mkono wangu unavyojua kazi. Nilipomwaga maji kuosha, kasha lote lilikuwa na miraba midogomidogo, na kila mraba ulimeta upande wake, kama samaki aliyetoka majini.

Mjomba alikuja akashika kiuno.

"Mpwa wangu! Nimekupa msasa, wewe umelima ngoro?"

Ngoro ni kilimo chetu cha mteremkoni. Wanaume hulaza nyasi kwa mistari inayokatana, wanawake hufuata wakizifukia kwa udongo, na katikati ya kila mraba hubaki shimo la kushika mvua. Baba alilaza, mama alifukia. Nikiwa mdogo nilidhani watu huoana kwa ajili hiyo. Niliitazama ile miraba yangu juu ya chuma, mistari mitupu isiyo na mtu wa kuifukia, nikatamani nyumbani, nikatamani na kile kitambaa cha njano, vyote kwa pamoja.

"Chuma hakina mteremko," mjomba alisema. "Mistari yote ilale upande mmoja. Anza ukingo huu, maliza ukingo ule, usisimame katikati."

Nikauzungusha msasa kwenye kipande cha mbao, nikaweka ubao ulionyooka pembeni wa kuniongoza, nikalowesha kwa maji ya sabuni. Nilivuta polepole, mvuto mmoja baada ya mwingine. Uso wangu ulikuwa ndani ya chuma ukinitazama. Yalianza kupotea macho, kisha mdomo, kikabaki kivuli chenye masikio. Upande wa nyuma, unaoelekea ukuta, mjomba alisema niuache, hauna kesi na mtu.

Kwenye mazoezi yaliyofuata jua lilikuja kama kawaida, likalala juu ya kasha bila kumrukia mtu. Mwalimu alinisifu mbele ya wote. Mimi nilitafuta nikaona ukungu, na ndani ya ukungu doa la njano. Midomo sikuiona. Kiwiko sikukiona.

Tulipomaliza, nilikuwa nakunja nyaya, nikasikia sauti karibu kabisa.

"Kaka wa milimani, kumbe na wewe huwa unaimba!"

Alikuwa yeye, amesimama kando ya meza.

"Siku zote nikitazama huku naona jua tu," alisema. "Leo nimekuona. Hata kwa nyuma taya linaonekana linakwenda, tena na sauti ya pili yetu. Mbona huji kukaa na wenzako?"

"Nalinda mtambo," nilisema.

"Mtambo una miguu?"

Niliuona mkono wake ukishika ukingo wa meza, kisha ukiuachia. Nilikuwa nimeshika waya uleule, naukunja na kuukunjua.

Baada ya mavuno ya mahindi alipanda boti kwenda Mbamba Bay kwa dada yake aliyejifungua, na mpaka leo hajarudi. Siku hizi nakaa kwenye benchi na kwaya. Mtambo haujakimbia. Kabla ya mazoezi nafuta vumbi kwenye kasha, nikifuata mistari. Nikimaliza mbele naligeuza, nafuta na upande ule wa nyuma ambao bado ni kioo. Humo naona uso wangu wote, wazi kabisa, na nyuma yangu benchi la sauti ya pili kabla watu hawajafika. Namwambia yeye asiyekuwepo, "Nakuja, dada," kisha naligeuza tena lielekee ukuta.